Wapi pazuri kuangalia na kupiga picha ndege hapa Dar bila kutoka nje ya mji?

BabaNeema_Tabata

Wakuu habari za jioni. Mi naishi Tabata, kazi yangu ni ya kukaa mezani Jumatatu mpaka Ijumaa na Jumamosi nusu siku, kwahiyo muda wangu wa kupumua ni Jumamosi mchana na Jumapili basi. Kaka yangu kanipa kamera yake ya zamani ina lenzi inayofika 250mm, na mimi sikuwa na habari nayo mpaka binti yangu wa miaka tisa alipoanza kuandika ndege kwenye daftari. Kila akirudi shule anakaa dirishani anaandika, hadi sasa ana aina 14 kutoka kwenye uwanja wetu tu, kuna chozi wanaokuja kwenye maua ya jirani, shorewanda, tetere, kuna minana wametundika viota kwenye mnazi wa nyuma, na wengine hatujui majina kawachora tu na rangi zao. Kaniuliza swali moja nimeshindwa kujibu, baba mbona kunguru ndo wengi kuliko ndege wote ukiwajumlisha.

Sasa naomba wajuzi mnisaidie. Mikumi kwa saivi mfuko hauruhusu, nataka sehemu za hapahapa mjini ambazo naweza kwenda na daladala na mtoto, tukaona ndege tofauti na hawa wa uwani, hata wanyama wengine kama wapo. Wapi, saa ngapi, na je kamera hii inatosha au nitakuwa najisumbua? Na usalama wa kamera ukoje maana hilo ndo linanitia hofu kuliko yote. Natanguliza shukrani.

MzeeWaKupwa

Mdogo wangu karibu sana, na huyo binti mpe salamu zangu, mwambie kuna babu huku Msasani anaandika daftari kama lake tangu ujana.

Nitakwambia sehemu moja tu kwa kirefu maana ukiijua hiyo vizuri utaona nusu ya ndege wa pwani hii bila kupanda gari mara mbili. Nenda Salender, pale darajani. Najua watu wanapita pale kila siku kwenye foleni wanaona matope na mikoko na wanaziba pua, lakini pale ndo Mto Msimbazi unaingia baharini, na maji yakikupwa linabaki tambarare kubwa la matope na mchanga lililojaa kaa wadogo, minyoo na konokono. Ndege wanatoka Siberia kuja kula pale. Sitii chumvi, kuna vitwitwi wadogo wale wenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, wanazaliana kaskazini kabisa mwa Urusi kwenye baridi, halafu kuanzia Agosti Septemba unawaona hapa kwetu wanakimbia kwenye matope mpaka Aprili hivi. Ukienda mwishoni mwa Machi utakuta baadhi yao wamebadilika rangi, kifua chekundu kama tofali, ujue huyo anajiandaa kuondoka. Kwahiyo wageni wanajaa kati ya Oktoba na Machi, na Januari ndo mwezi ambao ndege wa majini wanahesabiwa sehemu nyingi duniani, wakiwa wametulia kwenye maeneo yao ya kukaa.

Ila sikiliza hili, wengi wanakosea hapa. Mtu anaamka asubuhi anakwenda Salender, anakuta maji yamejaa mpaka kwenye mikoko, anaona yangeyange wawili watatu, anarudi nyumbani anasema hakuna kitu. Ndege wa pale hawafuati saa ya ukutani, wanafuata maji, na maji yanafuata mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, hapa Dar maji yanakupwa sana karibu saa nne saa tano asubuhi, na yanajaa saa kumi saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Sasa piga hesabu mwenyewe. Siku mbili kabla ya bamvua yanakupwa saa mbili hivi asubuhi, jua bado laini, hapo pazuri. Siku nne baada ya bamvua yanakupwa saa saba mchana, halafu yanaanza kujaa alasiri, na hapo ndo pazuri zaidi kwa mtu wa kamera kama wewe unayetoka kazini Jumamosi mchana. Kwanini, kwa sababu maji yakikupwa mbali ndege wanatawanyika kule mbele unawaona kama punje za mtama. Maji yakianza kurudi yanawasukuma taratibu kuja upande wako, eneo la kula linakuwa dogo, wanajikusanya. Wewe kaa tu. Usiwafuate. Wakati wa maji mafu, siku za katikati ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, usijisumbue sana, matope yanatoka kidogo.

Na jua nalo. Ukisimama daraja la zamani ukaangalia baharini asubuhi jua linakupiga usoni, ndege wote watakuwa vivuli vyeusi. Baharini angalia jioni. Asubuhi geukia upande wa ndani wenye mikoko, utapata kulasitara, kwarara, mdiria yule mweusi na mweupe anayesimama hewani halafu anajitupa majini, na ukibahatika korongo mwenye shingo ya manyoya meupe kama sufi. Tangu daraja jipya la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022 kuna njia ya waenda kwa miguu, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja juu ya maji, unatembea nalo taratibu unaangalia chini pande zote. Mimi na miguu yangu hii nalipenda sana. Usisimamishe chombo cha moto tu pale juu.

Usimwache mtoto ashuke kwenye matope upande wa mtoni, yale maji ni machafu, yanabeba taka za mji mzima. Inaniuma kuandika hivyo kwa mto nilioogelea.

Prisca_wa_Mlimani

Mi naongezea ya kwangu fupi. Jumapili asubuhi njooni Chuo Kikuu cha Dar, Mlimani. Kampasi ni kubwa ina miti ya zamani na vichaka, na Jumapili hakuna fujo ya wanafunzi na magari. Tumbili utawaona bila kuwatafuta, wako mabwenini na karibu na kantini, mtoto atafurahi sana ila TAFADHALI msiwape chakula na msile mkate mkononi mbele yao, nshaona mtoto wa mgeni amenyang'anywa andazi akapata na mkwaruzo juu, na tumbili aliyezoea kupewa ndo anayekuja kufukuzwa kwa mawe baadaye.

Ndege, ingia kwenye zile njia zenye miti upande wa kilimani, kaa chini ya mti wenye matunda (mikuyu ikiwa imeiva ndo kabisaa) usiongee kwa dakika kumi na tano. Ninga wa kijani wanakuja makundi na huwezi kuwaona mpaka mmoja adondoshe tunda. Hondohondo utamsikia kabla hujamuona, analia kama mtoto mchanga aliyekasirika. Kigogota pia. Pale getini waambie tu askari mnaenda kuangalia ndege, mi sijawahi kuona wamemkatalia mtu na mtoto wake mwenye daftari.

BabaNeema_Tabata

Mzee wangu shikamoo, na nashukuru mno, nimesoma maelezo yako mara tatu na binti kasoma ya nne. Hayo ya mwezi na maji sikuyajua kabisa na nimezaliwa hapahapa Dar. Dada Prisca nimekupata, Mlimani tutakuja. Sasa lile la usalama wa kamera na hii lenzi ya 250?

DadaWaMikoko

Kaka acha nikujibu hilo maana nimelipia ada yake. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimesimama kandokando ya barabara, sehemu sitaitaja, kamera nimeining'iniza bega moja, ikapita bodaboda ya watu wawili na kamera ikaenda nayo. Ilikuwa na picha za miezi minne ambazo sikuwa nimezihamisha. Nililia kwa ajili ya zile picha kuliko kamera.

Tangu hapo nafanya hivi. Kamera inakaa kwenye mfuko wa kawaida wa sokoni, ule wa mistari, sio begi jeusi lililoandikwa jina la kampuni ya kamera. Mkanda unapita kichwani unakuja kukaa ubavuni, sio begani. Nikiwa kando ya barabara sitoi kamera kabisa, natoa nikishashuka ufukweni au nikiwa na watu. Siendi peke yangu alfajiri wala baada ya jua kuzama. Na kila sehemu mpya kitu cha kwanza nawasalimia wale wanaoishi na kufanya kazi pale, mama zetu wanaochokoa pweza na chaza maji yakikupwa, vijana wanaochimba chambo, mlinzi wa jengo la jirani, muuza madafu. Unawasalimia, unawaambia unatafuta nini, unawaonesha picha mbili tatu kwenye kioo cha kamera. Siku ya pili wanakulinda wao. Kuna mama mmoja Kunduchi sasa hivi akiona ndege mgeni ananipigia simu, na macho yake ni makali kuliko darubini yangu. Usiwapige picha watu bila kuwaomba. Na usielekeze lenzi ndefu kwenye majengo ya serikali, kambi za jeshi au bandari, hata kama kuna tai amekaa juu ya paa, mwache tai wa watu, utaulizwa maswali mpaka jioni.

Lenzi 250 inatosha kuanzia, usikope hela ununue kubwa. Wale ndege wadogo wa matope kwa 250 watakuwa wadogo ndiyo, lakini yangeyange, kulasitara, kwarara, korongo, hao ni wakubwa, anza nao. Jifunze kuwapiga wakiwa wanaruka, weka shata isipungue elfu moja (yaani 1/1000 ya sekunde), ISO, ule usikivu wa kamera kwa mwanga, iache ijipange yenyewe, na kuwa chini. Kuwa chini namaanisha kaa au lala, kamera iwe usawa wa jicho la ndege. Mtu anapiga akiwa amesimama halafu anashangaa picha yake inafanana na ya kila mtu. Ukikaa chini bila kutingishika dakika ishirini, kitwitwi anakusahau anakuja mpaka mita sita saba, hapo 250 yako ni kubwa kuliko 600 ya mtu anayetembeatembea.

Ongezea Kunduchi na Ununio kwenye orodha. Kule kuna mashamba ya chumvi na mikoko. Kumbuka alichosema mzee, maji yakijaa Salender ndege hawapo, sasa wanakwenda wapi? Ndege wa matope wakifukuzwa na maji wanatafuta sehemu tambarare kavu ya kupumzika mpaka maji yarudi, na upande wa kule kaskazini mashamba ya chumvi ndo kitanda chao. Kwahiyo siku ambayo maji yamejaa muda wako wa mapumziko, nenda kwenye chumvi badala ya matope. Ila pale wamelala, wamesimama mguu mmoja, wametoka kula na wanahitaji ile saa. Ukiwarusha mara nne mfululizo ili upate picha ya kundi linaruka umewapotezea nguvu ambayo wangeibeba mpaka Urusi. Piga ukiwa mbali, uombe na ruhusa kwa mwenye shamba.

Msuya_JR

Wadau mi swali la pembeni, kuna bundi mweupe usoni kaweka makazi kwenye dari la nyumba ya jirani yangu huku Segerea, watu wanataka wamchome moto wanasema ni uchuro. Mi nimempiga picha na simu ni mzuri ajabu. Nifanyeje?

DadaWaMikoko

Msuya waambie waangalie chini ya pale anapolala, watakuta vidonge vya manyoya na mifupa. Chukueni kimoja mkipasue mbele yao, mtakuta mafuvu ya panya. Huyo bundi na mwenzie wakiwa na watoto wanabeba panya usiku kucha. Kwa jirani yangu mimi kilichowatuliza ni hicho kidonge, sio maneno yangu, bibi mmoja alihesabu mafuvu kwa kidole akasema basi muacheni. Na picha yake usiweke mtandaoni ukataja mtaa.

Makame_Unguja

Assalaam alaykum. Nimeona suali la yule mtoto kuhusu kunguru halijajibiwa, na jawabu lake lipo kwetu Unguja kwahivyo nijibu mie.

Mwambie hawa kunguru wa shingo ya kijivu si wa hapa. Asili yao Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kwa nia ya kusafisha mji, wale taka na mizoga. Wakazaana, wakavuka kwenda bara, wakafuata miji ya pwani yote na barabara zinazokwenda ndani, kila penye jaa la taka wao wapo. Na hawali taka peke yake, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, wanafuata kiota kimoja baada ya chengine. Wazee wetu wanakumbuka bustani za Mjini zikiwa na sauti za ndege wadogo ambao sasa mpaka utoke shamba. Hata kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, Dar mumemuona lini? Amesukumwa nje.

Serikali zote mbili kwa nyakati tofauti zimejaribu kuwapunguza, kwa mitego na kwa sumu maalum, walipungua kisha kampeni ikisita wanarudi. Chakula chao ni taka zetu. Kwahivyo binti akiandika daftari lake aandike na hilo, siku ya kukusanya taka na siku isiyokusanywa, ahesabu kunguru wangapi uwanjani. Mie ningependa kuziona hizo hesabu wallahi.

Kilima_cha_Pugu

Wote mmetaja pwani, hakuna aliyegusa Pugu na mimi hapo siwezi kunyamaza.

BabaNeema wewe uko Tabata, Pugu ni karibu yako kuliko Kunduchi. Unapanda gari za Gongo la Mboto halafu unaunganisha za Kisarawe, unashuka karibu na lango la msitu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi tangu zamani na sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Kuna kiingilio, unalipa kiserikali, na unaweza kupata mtu wa kukuongoza. Watu wa Dar wanaenda pale kuchoma nyama na kupiga picha za harusi, ambayo ni sawa, lakini wanakaa karibu na lango na muziki, hawajui wamekaa pembeni ya masalia ya msitu wa pwani ambao zamani ulikuwa umetanda kote huku. Una mimea na wanyama ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa kwenye vipande vichache kama hiki. Kuna komba mdogo sana wa Rondo, anaenea kwenye kiganja, yumo kwenye misitu michache ya pwani ya Tanzania tu na Pugu ni mmojawapo. Halafu pale kwenye machimbo ya zamani ya udongo mweupe kuna mapango yenye popo wengi mno, jioni wanamiminika nje kama moshi. Kwa popo usiingie ndani, kaa nje mbali na mlango wa pango uwasubiri watoke, wala usimpeleke mtoto kwenye kinyesi chao.

Ndege wa msituni ni kazi nyingine kabisa na nisikudanganye, mara yako ya kwanza utarudi na picha za majani. Giza, wanajificha, unasikia sauti kumi unaona mmoja. Pakua ile programu ya Merlin ya bure ikusaidie kulinganisha picha, na kila unachokiona kiingize eBird, ule mtandao wa kuweka kumbukumbu za ndege, ndo hivyo watu wanajua nini bado kipo. Ingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikifika saa nne msitu umenyamaza. Mi naenda pale tangu nikiwa sekondari na kila mwaka nasikia msumeno na naona njia za mkaa zikiingia ndani zaidi, kwahiyo nenda sasa. Na huyo mtoto nenda naye.

MzeeWaKupwa

Kilima umesema kweli. Na kwa anayetaka kisiwani, Bongoyo na Mbudya zipo kwenye hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, Mbudya unapandia boti Kunduchi. Kule mtafuteni kaa mkubwa wa nazi usiku kama mmeruhusiwa kulala, anapanda miti huyo. Kwa ndege, ni bora uangalie fungu la mchanga boti ikipita karibu nalo, membe wanalala pale mamia.

BabaNeema mwezi mpevu ni Jumanne hii. Jumamosi yake maji yanakupwa saa saba. Unajua la kufanya.

BabaNeema_Tabata

Wakuu tumeenda. Naandika hapa usiku huu kabla sijasahau hata kimoja.

Nimetoka kazini saa sita, nimempitia Neema, tumeshuka Salender saa nane na robo, kamera kwenye mfuko wa sokoni kama dada alivyoelekeza. Maji yalikuwa mbali kabisa na kweli ndege walikuwa punje za mtama, nikajisemea tumekosa. Tukasalimiana na kijana mmoja anachimba chambo, akatuonesha jiwe la kukaa lenye kivuli. Tukakaa. Saa tisa ikapita, Neema kaanza kuuliza tunaondoka saa ngapi, nikamwambia mzee kasema tukae.

Kama saa tisa na nusu hivi maji yakaanza kuingia kwenye vijito vidogo, huwezi kuona yanatembea ila ukiangalia pembeni ukarudisha macho unakuta jiwe limepotea. Na ndege wakaanza kuja. Sio kuruka, walikuwa wanatembea, wanakula wanakuja, wanakula wanakuja, kama watu wanaorudi shambani. Kwanza yangeyange, halafu sululu wale wa mdomo mrefu uliopinda, nikawajua moja kwa moja, halafu vitwitwi ambao Neema aliacha kuwahesabu alipofika mia mbili na kumi. Saa kumi na nusu wengine walikuwa mita kumi kutoka tulipo. Nililala chini na suruali ya kazini. Nimepiga picha mia nne, nzuri labda tisa, lakini hizo tisa wakuu sikuamini ni mimi.

Sasa maswali mawili kutoka kwa mwenye daftari. La kwanza, kuna kitwitwi mwenye miguu ya rangi ya machungwa na mdomo umepinda kwenda JUU, anakimbia ameinama kama amechelewa mahali. La pili ndo limemnyima usingizi. Kulikuwa na ndege wakubwa kiasi, weupe na weusi, mdomo mweusi mnene kama kisu, wanakamata kaa. Mmoja wao alikuwa na rangi ya kijivujivu mgongoni badala ya nyeusi, halafu hakuwa anakamata kitu, anamfuata mwenzake mmoja kila anapokwenda analia analia mpaka apewe. Neema anauliza kama yule ni mgonjwa.

MzeeWaKupwa

Mwambie Neema hajambo kabisa yule, ni mtoto.

Wa kwanza ni mgeni kutoka Urusi, kwa Kiingereza anaitwa Terek sandpiper, mdomo wa kwenda juu na kule kukimbia ndo kitambulisho chake, hakuna wa kumfananisha naye pale. Huyo wa pili kisayansi ni Dromas ardeola, mla kaa. Hao hawazaliani hapa kwetu. Wanazaliana kule Ghuba na Bahari ya Arabuni, Oman wapo, na visiwa na fukwe za karibu na Somalia. Wanachimba shimo kwenye mchanga kama panya, wanataga yai moja jeupe humo ndani ambako mchanga wenyewe wa moto unasaidia kulilea. Yai moja tu. Ndo maana kinda halitupwi. Wakimaliza wanakuja naye huku kwetu, safari ya maelfu ya kilomita, na miezi kadhaa baadaye bado mzazi anamkamatia kaa na kumlisha huku mtoto akijifunza. Kaa ana magando, si rahisi kumfungua. Yule wa kijivu mliyemuona kaja na mzazi wake kutoka kule.

Mimi nimeangalia pale miaka mingi na mara ya kwanza kuuona ule ulishaji nilikuwa mtu mzima na watoto wangu. Yeye kauona siku ya kwanza. Aandike tarehe.

BabaNeema_Tabata

Kaandika tarehe, saa, na kachora. Mzazi kamchora na kaa mdomoni.

Kaniuliza bamvua ijayo ni lini. Nimeangalia kalenda, mwezi mwandamo unaangukia Jumatano ya wiki ya pili kuanzia sasa, kwahiyo Jumapili yake maji yatakupwa kama saa saba mchana. Tutakuwa kwenye lile jiwe saa nane. Anayetaka kutukuta atuone, mfuko wa mistari na daftari la kijani.